Kikohozi cha Madamu Cazelles

Anselme Corvisier alishuka kwenye basi la mchana pale Vaubrac akiwa na begi moja, viatu vinavyong'aa kuliko vioo vya kanisa letu, na sababu nzuri za kutorudi alikotoka. Huko alikuwa amewauzia mume na mke wa Kiholanzi mnara wa ngome. Mnara wenyewe haukuwa na kasoro, mawe yake mazima, ngazi yake nzima, ila tu ulikuwa mali ya serikali. Wale Waholanzi walikuwa bado wanangoja funguo.

Mimi sitamsema vibaya. Vaubrac tuna adabu zetu, hatumtukani mtu aliyetufaa. Nitasema tu kwamba alikuwa na ulimi wa asali na masikio ya sungura, na kwamba masikio ndiyo yaliyomlisha zaidi. Aliketi barazani kwa Sidonie, mwenye mkahawa, akaagiza glasi ya mvinyo mweupe, akaanza kazi yake ya kila siku, yaani kusikiliza meza za wenzake.

Kwenye meza ya jirani alikuwapo Aurélien Fabrègues, mfamasia mstaafu, mwenyekiti wa Chama cha Marafiki wa Mawe ya Kale. Hakuna mji mdogo Ufaransa usio na chama kama hicho. Wanachama hukutana, hubishana kuhusu umri wa kisima, hula bata, hurudi nyumbani. Siku hiyo Fabrègues alikuwa na uchungu na wenzetu wa Lussargues.

"Wao mfalme aliwapitia usiku mmoja akiumwa tumbo," alisema, "na mpaka leo wanakula kwa lile tumbo. Mabasi ya wageni, vikombe vyenye picha, hoteli mpya. Sisi tuna nini? Kanisa na mavi ya njiwa."

"Na chama," Sidonie akamkumbusha.

"Chama kina pesa, Sidonie. Tunachokosa ni mfalme. Mtu akinionyesha nyumba moja tu hapa Vaubrac aliyolala mfalme, nitainunua kwa bei atakayoitaja yeye."

Corvisier alishusha glasi yake polepole. Na hapo hapo kikohozi kikavuka uwanja. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha kupanda ngazi na kushuka, kikaishia kwenye mluzi mwembamba wa kusikitisha. Kilitoka kwenye nyumba iliyoegemea ukuta wa kanisa, nyumba ya kale kuliko zote mjini, mbao zake zimepinda, paa lake la mawe bapa limebonyea katikati.

Sidonie alitikisa kichwa. Alimweleza Fabrègues, kwa sauti ya kutosha meza zote, kwamba maskini Philomène Cazelles mambo yamemfika shingoni. Meya amempa muda mpaka baridi ianze. Paa likiwa bado linavuja, nyumba itafungwa kwa usalama wa umma, naye atapelekwa kwenye makao ya wazee huko Lussargues.

"Lussargues," Fabrègues alirudia, akavua kofia.

"Atakufa kabla hajafika getini," alisema Sidonie.

Corvisier alilipa, akaacha bakshishi, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili ya furaha kubwa.

Madamu Cazelles alimfungulia mlango akiwa amejitanda shali mbili. Umri wake aliujua padri aliyembatiza, na padri huyo tulishamzika zamani. Alimkaribisha jikoni, wakapita kati ya ndoo, masufuria na mabeseni yaliyotegwa chini ya dari, kila kimoja kikidondokewa kwa mlio wake, maana mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Akammiminia mvinyo wa jozi alioutengeneza mwenyewe. Corvisier alikunywa, akatazama huku na huku kwa jicho la mnunuzi. Aliona ngazi nzuri ya mwaloni, mbao zake bado changa. Aliona na jiko la mawe lililojengwa upya kwa ustadi.

"Ngazi hii, Madamu, ni kazi ya juzi tu."

"Alinitengenezea bwana mmoja mwema," alisema bibi, akakohoa.

"Na jiko?"

"Hilo ni la bwana mwingine. Nimekutana na watu wema sana, mwanangu. Kilichobaki ni paa tu."

Mtu mwingine angejiuliza mabwana hao wema walikwenda wapi. Corvisier hakujiuliza, kwa sababu tapeli ana udhaifu mmoja: anaamini mjini yuko peke yake.

Alimwambia anataka kununua nyumba. Bibi akakataa. Chumba cha juu ndimo alimozaliwa, alisema, na humo atatoka amelala. Lussargues haendi, hata wamfunge kamba. Aliposema hivyo sauti ilimtetemeka kweli, na hilo halikuwa la kuigiza. Kisha akainamia leso, akasema kwa unyonge kwamba labda, kama bwana ana moyo, wangeweza kuuziana kwa ile njia ya kumngojea mtu.

Njia yenyewe ni hii, na kwetu hakuna anayeionea haya. Unanunua nyumba ya mzee huku mzee yumo ndani. Siku ya kwanza unatoa kishika uchumba, yaani fungu la kwanza la pesa, kisha kila mwezi unamlipa mpaka siku atakayofariki. Akifariki wiki ijayo, umeokota dodo. Akikataa kufa, shauri yako. Mnunuzi humtazama muuzaji rangi ya ulimi kama anayenunua ng'ombe, na muuzaji humwacha atazame.

Corvisier alitazama, akasikiliza kile kifua kinavyopiga filimbi, akahesabu kwamba Madamu Cazelles hatauona mti wa Krismasi. Akakubali kwa moyo mkunjufu. Alijisikia hata huruma kidogo, ile huruma tamu isiyomgharimu mtu kitu.

Wakili Delpuech aliwaandikisha siku mbili tatu baadaye.

"Madamu, afya inaendeleaje?" aliuliza, kama desturi inavyotaka.

"Mbaya sana, asante."

"Vyema," alisema wakili, akaanza kusoma kwa sauti ya padri wa misa ya alfajiri. Alisema Madamu atakaa humo hadi mwisho wa uhai wake. Matengenezo madogo ni ya Madamu, na makubwa, yaani kuta na paa, ni ya mnunuzi. Mnunuzi akiacha kulipa, nyumba itarudi kwa Madamu pamoja na chochote kilichoongezwa, na hakuna atakayemdai mwenzake. Yote hayo aliyasema macho yakiwa dirishani, kwa kuwa alikuwa ameshayajua kwa moyo. Corvisier hakusikia neno. Alikuwa anaitazama leso.

Sasa ikabaki kazi ya kumtafuta mfalme. Alikwenda mji wa mbali, kwa mchonga mawe ya makaburi asiyependa maswali, akarudi na jiwe lililochongwa mjusi wa moto, yule mjusi mwenye taji aliyekuwa nembo ya Mfalme Fransisi. Jumapili, Madamu alipokwenda misani akikohoa njia nzima, Corvisier aliteremka ghalani, chini ya nyumba, akatoboa ukuta, akapachika jiwe lake, akaziba kando kwa chokaa. Lilimeremeta kama jino la dhahabu. Dawa yake inajulikana kwa kila mkulima wa bustani: unalipaka jiwe mtindi, unaliacha penye unyevunyevu, linaota ukoga, linazeeka miaka mia kwa kipindi cha kuiva nyanya.

Ila Corvisier alikuwa mtu wa miji mikubwa. Alisahau kwamba Vaubrac Jumapili hata sindano hainunuliki. Maduka yote yalikuwa yamefungwa, na Jumatatu pia yangefungwa, maana wenye maduka wanapumzika uchovu wa Jumapili. Alizunguka mji mzima. Mwisho alipata vikopo vichache kwa Sidonie, mtindi wa watoto, wenye stroberi. Akaona mtindi ni mtindi. Akampaka mjusi mpaka mkiani.

Sikupi habari za siku zilizofuata. Itoshe kusema kwamba jiwe lilizeeka vizuri kuliko alivyotarajia, rangi ya kijani iliyokolea, yenye heshima zake, na yeye akajipongeza kwa kipaji chake.

Siku alipomleta Fabrègues ghalani, alijifanya mtu aliyechanganyikiwa. Alisema alikuwa anatafuta chanzo cha unyevu tu, ukuta ukamomonyoka, na yeye mambo ya historia hayajui, akaona amwite mwenye elimu. Fabrègues alishika taa. Akasogea. Akapiga goti kwenye vumbi, suruali yake ya sherehe ikiwa mwilini, machozi yakamtoka.

"Fransisi," alinong'ona. "Umekuja kwetu, baba."

Walipopanda juu, Fabrègues hakutaka hata kubembelezana. Chama kitainunua nyumba, alisema, pamoja na zamu ya kumngojea Madamu. Akamnong'oneza bei sikioni. Corvisier alilazimika kushika ukuta, akasingizia mgongo.

"Kuna jambo moja tu, bwana Corvisier," mwenyekiti alisema huku akipangusa miwani. "Dogo sana. Siwezi kuwapeleka wanachama kwenye nyumba ya mfalme inayowadondokea kichwani. Utengeneze paa. Siku ya Urithi mwezi wa Septemba, milango yote ya kale inapofunguliwa kwa watu, tutaweka saini mbele ya mji mzima."

Paa ni paa, Corvisier aliwaza. Akampigia fundi simu, akaagiza mabati. Fundi akacheka mpaka akakata simu. Ilibidi Sidonie amweleze mgeni wetu kile ambacho hapa mtoto anakijua kabla ya kujua kuhesabu: nyumba yoyote inayoonekana kutoka kwenye kanisa la kale, hupaki rangi hata mlango wa choo bila kibali cha msanifu majengo wa serikali. Na nyumba hii haikuonekana tu kutoka kanisani, ilikuwa imeliegemea kanisa begani.

Msanifu alikuja, mwanamke mwembamba mwenye koti la mvua, ambaye tunamwogopa kuliko kodi. Corvisier alimwonyesha mfano wa vigae vya saruji vilivyopakwa rangi ya mawe. Yule mama akakigusa kigae kwa ncha ya mwavuli kama anayegusa panya aliyekufa. Akasema mawe bapa, ya machimbo yale yale ya zamani, yachongwe kwa mkono, yafungwe kwa misumari ya mbao. Corvisier akaweka ulimi wake wote wa asali mezani. Akasifu koti. Yule mama akasema pia mbao za chini zimeoza, zibadilishwe, mwaloni mtupu. Kila alipofungua mdomo kumbembeleza, paa liliongezeka kitu, mpaka akajifunza kunyamaza.

Kazi ikaanza. Zile pesa za mnara wa Waholanzi zikapanda juu ya ngazi, jiwe baada ya jiwe. Begi likawa jepesi, Corvisier akawa mwembamba, Madamu Cazelles akaendelea kukohoa na kula paja la bata kila mchana. Alipoona mnunuzi wake anamtazama sana, alisema bata ndiye aliyeagizwa na daktari.

Halafu likatokea jambo ambalo hata sisi hatukulitegemea. Corvisier alianza kulipenda lile paa. Mwanzoni alisimama uwanjani kuwahimiza mafundi. Baadaye alisimama kuwatazama tu, jinsi wanavyolaza jiwe juu ya jiwe, kubwa chini, dogo juu, bila haraka. Siku moja akavua vile viatu, akapanda, akapewa nyundo. Jioni ile kwa Sidonie alionyesha watu malengelenge ya viganja vyake, akayasimulia kila moja lilivyopatikana. Mvua kubwa ya mwisho wa kiangazi iliponyesha, alikuwa jikoni na Madamu. Mabeseni yote yalikaa makavu. Wakasikiliza maji yakitiririka nje, mbali nao.

"Halivuji," alisema Corvisier. Akapitisha kidole ndani ya beseni kavu.

"Halivuji, mwanangu," alisema Madamu, akamwongezea mvinyo wa jozi.

Siku ya Urithi mji wote ulikuwa barabarani. Meya alikuja na msafara wake, akasimama uwanjani, akakaza shingo kulitazama paa kwa muda mrefu, kisha akatangaza mbele ya watu kwamba Madamu Cazelles anabaki nyumbani kwake, na habari za Lussargues zimekwisha. Watu wakapiga makofi. Madamu alijifunika uso kwa shali, na mabega yalikuwa yakimtikisika. Safari hii hakuwa anakohoa.

Corvisier, shati jipya, kalamu mfukoni, alimwendea mwenyekiti. "Sasa tuweke saini, bwana Fabrègues."

"Naam. Kwanza nikuonyeshe makumbusho yetu."

Makumbusho ya Chama ni chumba kimoja nyuma ya ofisi ya posta. Corvisier aliingia, Fabrègues na Wakili Delpuech wakamfuata, Madamu Cazelles akaja nyuma akiwa amevua shali moja. Ukutani palikuwa na rafu. Juu ya rafu palikaa nungunungu wa mawe mwenye taji, aliyeota ukoga safi.

"Nembo ya Mfalme Luis," alisema Fabrègues. "Aliletwa na yule bwana wa ngazi. Mkono mzuri, ila miiba aliichoka mapema. Na huyu kicheche ni wa Malkia Ana. Yule bwana wa jiko alikuwa na haraka, mnyama anafanana na soseji."

Kando ya kicheche palikuwa na nafasi, na kibandiko kilichoandikwa vizuri: Mjusi wa moto. Zawadi ya mpenda paa.

Corvisier alikisoma kibandiko mara mbili. Aliwatazama mmoja mmoja. Wakili alikuwa dirishani, kama kawaida yake.

"Mlijua tangu lini?" aliuliza hatimaye.

"Ulipoagiza mvinyo kwa Sidonie," alisema Fabrègues. "Mtu mwenye viatu vile hashuki Vaubrac kwa ajili ya njiwa. Nilikuwa nimeketi saa nzima nikimlalamikia Sidonie, koo limenikauka, nikikungoja utege sikio."

"Nitakwenda kwa polisi."

"Nenda. Mkuu wao ni mpwa wa Philomène, kijana msikivu. Mwanzie kwenye mjusi, umweleze alivyoingia ukutani. Ukifika kwenye mnara wa Waholanzi, maana gazeti tulilisoma, mwambie akuletee kiti."

Corvisier akaketi kwenye kiti kilichokuwa hapo, ambacho nacho kilikuwa cha kale na kilikatazwa kukaliwa. Hakuna aliyemwinua. Alimgeukia Madamu Cazelles, na nasikia macho yake yalikuwa ya mtoto aliyenyang'anywa.

"Na kikohozi?"

"Kimepona," alisema Madamu. "Kilikuwa cha unyevunyevu. Paa likitengenezwa, kifua kinapona, hata daktari alisema." Akamsogelea, akamkung'uta vumbi la chokaa begani. "Mjusi wako nilimwosha, usinikasirikie. Nilimpaka mtindi wa mbuzi wangu. Jiwe limetapakaa stroberi, nani angeamini kuna mfalme? Nilikuonea aibu, mwanangu."

Angeweza kuendelea kumlipa, kusema kweli. Mkataba ulikuwa halali, na siku moja, Mungu akipenda, nyumba ingekuwa yake. Lakini Madamu, bila shali, mashavu mekundu, amesimama wima, alionekana mtu wa kutuzika sote. Corvisier aliona hivyo, na pesa za begini zilikuwa zimeshakwisha. Basi malipo yakakoma, na nyumba ikarudi kwa mwenyewe pamoja na paa, kama wakili alivyokuwa amesoma.

Aliondoka kwa basi lile lile. Madamu alimfungia chupa ya mvinyo wa jozi na paja la bata. Tuliomsindikiza tuliona kwamba hakutukana, wala hakututazama. Alikaa kiti cha nyuma, akageuza shingo, akalitazama lile paa mpaka basi lilipopinda kona. Mimi niliona uchungu kidogo, sitaficha. Lilikuwa paa lake kweli, kuliko kitu chochote alichowahi kuuza.

Sasa nyumba ya Philomène imekamilika, haina inachohitaji. Taabu iko kwa Fabrègues. Mnara wake wa kufugia njiwa, wa zamani kuliko kumbukumbu za mji, umeinama upande mmoja, na ukianguka utaangukia bomba la maji la jirani yake, na meya ameshamwandikia. Majira yote ya baridi Madamu amekuwa akimfundisha jikoni kwake, lakini mwenyekiti hana kipaji. Anakohoa kama anayehutubia.

Juzi basi la mchana lilimshusha bwana mmoja mwenye koti la rangi ya ngamia na mkufu wa saa. Aliketi barazani kwa Sidonie, akaagiza kinywaji, akageuzia meza zetu sikio. Sidonie akaanza kulalamika kwa sauti kwamba Lussargues wana mfalme na sisi tuna njiwa. Fabrègues alikuwa kwenye kona, shali mbili shingoni, jasho linamtoka kwa woga. Madamu akamfinya paja chini ya meza.

"Sasa," alisema bila kugeuza kichwa. "Taratibu, Aurélien. Kohoa kama mtu asiyetaka kusumbua watu."